Mama Gladness wa Sikiliza Kwanza, na Mlingoti Utakaobaki

Nilimwona Yuditha Ndelilio Nkya kwa mara ya kwanza Jumamosi ya tarehe 11 Juni 2005, Kiboriloni, siku ya soko. Nilikuwa nimesimama nje ya duka lake nikijifanya ninaangalia ndizi za mama wa jirani. Mle ndani kulikuwa na redio zenye vitufe vingi, na mtu mmoja amevaa hedifoni, amefumba macho kama yuko kanisani. Mwenye duka alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachuna waya kwa meno. Akaniona.

"Baba, ingia. Huo mlango hauumi."

Nikaingia. Akaniuliza ninataka nini, nikasema sijui. Akanionyesha benchi.

"Basi kaa usikilize kwanza. Ukishajua unachotaka, utaniambia."

Wasifu wa marehemu kwa kawaida unaanza na kuzaliwa. Naomba padri, mchungaji, wazee wa ukoo na majirani mnivumilie. Mimi ni Tito Mallya, mume wake. Huu nimeuandika mwenyewe na ninausoma mwenyewe, ingawa ratiba mliyonayo mkononi imeandika kwamba msomaji ni mpwa wangu Davis, ambaye ana sauti nzuri kuliko mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Machame, mtoto wa tatu wa mzee Ndelilio Nkya na mama Aikaeli. Baba yake alikuwa na redio ya mbao iliyokula betri sana. Betri zikichoka zilianikwa juani juu ya bati ili zipate nguvu kidogo, na kazi ya kupanda juu ya bati ilikuwa ya Yuditha. Siku moja alipanda na redio yenyewe, akagundua kwamba huko juu inashika stesheni ambazo chini hazipo. Mama yake akamwita ashuke. Alijibu kwamba atashuka taarifa ya habari ikiisha. Alichapwa, na kesho yake akapanda tena.

Alisoma shule ya msingi na sekondari huko huko Machame. Mwaka 1990 alipata cheti cha ufundi wa redio na televisheni hapa Moshi mjini, akiwa msichana peke yake darasani. Siku ya kwanza mwalimu mmoja alimshauri ahamie darasa la ushonaji. Alimjibu kwa adabu kwamba kushona anajua tayari, ndiyo maana hakuja kujifunza.

Kwa miaka mingi alitengeneza simu za upepo, redio zile za kuitana, za misheni na za kampuni za utalii. Mwaka 2004 alifungua duka lake Kiboriloni. Wengi wenu mmepita pale mkadhani ni fundi wa redio za kawaida. Haikuwa hivyo. Aliuza redio za ridhaa, zile ambazo mtu akiwa nyumbani kwake anazungumza na mtu mwingine aliye nyumbani kwake, hata upande wa pili wa dunia, kupitia hewani. Halipwi na halipi. Anapewa leseni na jina lake la hewani, basi anaita, na yeyote anayesikia anajibu.

Juu ya mlango aliandika kwa rangi nyekundu: SIKILIZA KWANZA. Ndiyo ilikuwa sheria ya duka. Hakuna aliyeuziwa chombo kabla ya kukaa kwenye benchi, kuvaa hedifoni na kuweza kumwambia Yuditha alichokisikia. Watu walikasirika. Kuna bwana mmoja alishuka kwenye gari zuri, akasema, "Mama, mimi nimekuja na hela."

"Hela yako haikimbii, baba. Kaa."

"Nina haraka."

"Basi redio haikufai. Nunua honi."

Yule bwana aliondoka anafoka. Wiki iliyofuata alirudi, akakaa. Yuko hapa leo, nimemwona karibu na migomba, na anajua ninamsema yeye.

Mzee Julius wa Chekereni, mkulima wa mpunga, alirudisha redio akisema ni mbovu. Asubuhi inasikia, mchana ni kelele tupu. Yuditha hakubishana naye. Alifunga duka, akaenda Chekereni, akakuta mke wa mzee ameanika nguo zote za nyumba juu ya waya wa antena. Alimsaidia yule mama kuanua, akamfungia kamba mpya ya nguo, kisha akamwambia mzee, "Shikamoo baba. Redio yako nzima. Sabuni ya mama nayo ni nzuri." Vijana nao walimtania kwamba simu zimejaa kila mfuko, sasa kelele hizi ni za nini. Aliwajibu kwamba simu unampigia mtu unayemjua. Wakamshauri aweke makava ya simu, yanauzika. Hakuweka hata moja mpaka anaondoka.

Mimi niliendelea kwenda pale kila Jumamosi ya soko. Hakuniuzia chochote mpaka leseni yangu ilipotoka. Ndipo nikanunua redio kuukuu, waya, na fimbo ya shaba ambayo hupigiliwa ardhini ili umeme wa radi upate njia ya kwenda chini. Mafundi huiita ethi. Alinieleza kwamba ethi inataka udongo wenye unyevu, na kwamba maji ya chumvi husaidia. Katika kihamba hiki, shamba la migomba tuliloachiwa na ukoo, unyevu uko pale kwenye kona, kwenye mpaka, kando ya masale, mimea yetu ya kuwekea mipaka. Nikaipigilia pale, nikamwaga chumvi.

Kaka yangu mkubwa, Primus, akaikuta. Wazee hapa hawahitaji kuelezwa. Ukikuta chuma kimezikwa kwenye mpaka wa ndugu yako, na chumvi juu yake, huwazi redio. Aliamini nimemtegea laana ili nichukue sehemu yake. Akaita ukoo. Niliwekwa katikati, nikaulizwa, na maneno hayakutoka. Kunyamaza kwangu kukawa ushahidi. Ilikuwa imefikia kusemwa nitolewe kihambani. Dada yetu Elisifa aliteremka mpaka Kiboriloni, akamwambia mwenye duka kwamba mteja wake anapoteza nyumba.

Yuditha alifunga duka siku ya soko, akapanda huku Kibosho kwa pikipiki, mkoba mgongoni. Getini akakata tawi la isale, akaingia amelishika kwa mikono miwili. Mtu akija na isale hafukuzwi kabla hajasikilizwa, hata kama hamumjui.

"Shikamooni wazee. Fimbo hiyo nimemuuzia mimi. Kama kuna kosa, kosa ni la duka."

Mzee mmoja akamuuliza, "Wewe una undugu gani na huyu?"

"Ni mteja wangu."

"Duka gani linamfuata mteja mpaka kihambani?"

"Langu."

Wazee wakatazamana. Akawaomba waichomoe ile fimbo waone kama kuna kitu chini yake. Wakaichomoa, wakakuta shaba na matope. Akairudisha pale pale, akaipigilia kwa jiwe mbele yao, akaunganisha redio na betri ya pikipiki, akasema, "Sasa sikilizeni kwanza." Tukasubiri. Akatoka mtu anaongea Kiingereza, sauti yake inakuja na kupotea. Mzee akauliza anasema nini.

"Anasema kwao mvua inanyesha."

"Mwambie hapa tunaitafuta," mzee akasema, na wote wakacheka. Wote isipokuwa kaka Primus. Lakini Yuditha alikwenda mbele yake, akapiga goti, akampa isale, na kaka Primus akalipokea, yaani amekubali yaishe. Kisha Yuditha akamwomba lile tawi, na kwa kuwa neno lilikuwa limekwisha, akalipanda kando ya fimbo. Tawi likashika.

Baada ya hapo nilijua ninachotaka, na nilimwambia. Alisema nimechelewa sana kuagiza. Tulifunga ndoa tarehe 25 Novemba 2006 katika parokia yetu hapa Kibosho. Yeye alibaki Mlutheri. Waliomshauri ahamie kwetu aliwapa chai, hakuwapa jibu. Mwaka 2008 Mungu alitupa binti yetu Gladness, na mwaka huo huo tulisimamisha mlingoti wa antena pale pale penye isale, huo mnaouona, mrefu kuliko miti ya migruvia.

Tangu wakati huo umesemwa mengi. Kwamba unafukuza mvua. Kwamba unavuta radi. Wengine, kwa nia njema, wamenishauri leo niseme kwamba uliwahi kuokoa watu, ili uheshimike. Sitasema. Haukuokoa mtu. Mama Gladness aliketi chini yake, akaongea na watu ambao hatawaona kamwe, kuhusu hali ya hewa na magoti yao na kahawa yetu, kwa sababu alipenda. Hakuomba ruhusa ya kupenda, na mimi siombi kwa niaba yake.

Mwezi Agosti 2023 alianza kusikia maumivu ya tumbo, na vipimo vikaonyesha saratani. Alitibiwa hospitali ya rufaa hapa Moshi. Akirudi nyumbani kati ya dawa na dawa alikwenda dukani, akauza akiwa amekaa kwenye benchi la wateja kwa kuwa lina mahali pa kuegemea. Mwishoni mwa mwaka jana kaka Primus alikuja kumjulia hali. Alileta mtori, nami namshukuru, maana ulikuwa kati ya vyakula vichache vilivyokaa tumboni. Kisha akamwambia, "Shemeji, ukishatangulia, kile chuma tutakishusha. Kisije kikaua watoto kwa radi."

Yuditha alimaliza kijiko chake. "Shemeji, radi ina miaka mingi inanitafuta na haijanipata. Saratani imeitangulia. Chuma kiache."

Alifariki Jumanne tarehe 4 Februari 2025, asubuhi, hospitalini, mimi na Gladness tukiwa tumemshika.

Nimeambiwa kwamba matanga yakianuliwa, Jumatatu, watakuja vijana na misumeno, na vyuma vya mlingoti pamoja na vitu vya dukani vitauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kaka Primus umekaa hapo mbele. Shikamoo kaka. Mlingoti haushuki. Lile neno uliletewa kwa isale, na isale ulilipokea kwa mkono wako, mbele ya wazee ambao wengine wao wako hapa. Isale likipokelewa, neno halifufuliwi. Na lile tawi sasa limekuwa kichaka, limeukumbatia mlingoti kuanzia chini, na kaburi tumelichimba kando yake. Atakayetaka kuukata mlingoti aanze kwa kulikata isale. Nitakuwa nimekaa hapo. Ningependa kumwona mtoto wa Kibosho atakayeanza.

Duka nalo litafunguliwa Jumamosi ijayo, siku ya soko. Benchi liko palepale. Atakayekuja na hela, na akae.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja Gladness, mama yake mzazi mama Aikaeli, dada zake wawili na kaka mmoja, mashemeji na mawifi, wakiwemo kaka Primus na dada Elisifa, wapwa na binamu wengi, wateja ambao sikuweza kuwahesabu barabarani leo, na watu wa mbali ambao kwa siku hizi chache wamekuwa wakiliita jina lake la hewani na kusubiri. Nimewajibu mimi. Mungu aliyempa masikio yale ampe sasa pumziko lenye amani, na udongo huu wenye unyevu umpokee vizuri.

Jumapili, siku mbili kabla hajafariki, akiwa bado anaongea, nilimweleza habari ya vijana na misumeno, maana mpango huo ulikuwa umeshaanza kusemwa. Nikamwambia kwamba mimi sijui kusema mbele ya wazee, nimefika darasa la saba tu, na tangu tukutane kazi yangu imekuwa kusikiliza. Alifumbua macho, akanitazama kama siku ile mlangoni. Maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa haya:

"Tito, umeshasikiliza vya kutosha. Sasa sema."