Maman Mukojo, mwenye alifuataka bagonjwa paka nyumbani

Jina yake ilikuwa Eulalie Cibalonza, lakini nusu ya batu bako hapa banajua tu "Maman Mukojo". Ilianzia mu minibus ya Walungu. Mugonjwa wake mumoja wa zamani alimuona ku dirisha, akamutangazia kwa furaha kama sasa mukojo inakaa, haivuje tena. Minibus yote ikasikia, shoferi akaeneza. Sisi bajukuu tulimuchekaka sana. Yeye aliitikaka tu.

Alizaliwa Mumosho, tarehe 14 mai 1948. Alisoma primaire kwa masista, akapata diplôme ya infirmière, ya kuuguza bagonjwa, hapa Bukavu mu 1969. Mu 1971 aliolewa na mwalimu Constantin Bulonza, mwenye alizoea kula peke yake.

Peke yake, juu kwa maman kazi ilianzaka siku mugonjwa anatoka lopitali. Vita ilifunga barabara. Banamuke balikawia na uchungu ya kuzaa, mutoto anakufa, njia ya mukojo inapasuka, mukojo inabaki kuvuja. Munganga ku lopitali anashona ile kidonda ya ndani. Kisha miezi tatu bila kubeba muzigo. Nani atachunga ile kule nyumbani?

Mu 1999 alienda Walungu kwa miguu kuangalia Apolline, mugonjwa mwenye alitoka tu kushonwa. Alimukuta na kitunga ya mihogo ku mukongo, kamba ku paji ya uso. Mama mukwe wake akasema mwenye kupona anatumika kazi.  Maman alimutua Apolline ile kitunga, akaita bwana yake Floribert, akamubebesha yeye, kamba ku paji.

"Maman, mwanaume habebake ku mukongo. Batanicheka."

"Bakucheke. Ile kidonda ikipasuka, munganga hatapata tena pa kushona."

Akamufuata nyuma paka ku soko. Soko ilicheka paka ikachoka. Kesho yake Floribert alibeba bila kusukumwa na mutu. Kidonda ikafunga muzuri.

Mu 2002 tension ya damu ilimuangusha maman. Alitoka lopitali na amri ya kupumuzika, na hapo ndipo tulijua mugonjwa mubaya ni nani: Papa Constantin alificha viatu yake asitoke, yeye akaenda kwa bagonjwa na sandali. Alifariki hapa Kadutu, tarehe 9 mars 2003.

Anaacha bwana yake, batoto Aimée na Chrispin, na bajukuu. Mungu amupumuzishe, yeye mwenye alikataaka kupumuzika.

Na ninyi benye alifuata paka kwenu, leo mutuelezee. Sisi tulimuonaka tu anarudi na matope. Ya kule hakusemaka, juu ilikuwa yenu.