Bastola Iliyobaki Kiunoni

Mbele ya duka la Bi Earline, pale Pruitt, Oklahoma, kuna benchi la mbao ambalo kila asubuhi hukaliwa na wazee watatu na bastola zao tatu, utadhani wamelilipia kodi. Kahawa wanachota ndani, maziwa wanajichukulia kwenye friji, halafu wanatoka kuja kuitengeneza dunia. Grover wanamwita Sajenti, ingawa miaka yake yote ya jeshini aliimalizia jikoni. Hoyt ni Redio, kwa sababu hazimiki. Delmar, aliyepanda nguzo za umeme mpaka magoti yakagoma, ni Nguzo. Juzi jioni kijana mmoja aliyejifunika uso aliingia dukani na bastola, akakomba pesa na sigara, akaondoka zake salama. Nguzo alikuwa ndani, kasimama pembeni ya mashine ya kahawa, chuma kiunoni, na hakukigusa. Mji mzima umeshajua.

– Hebu tuanze upya, alisema Sajenti. Chuma kilikuwa na risasi?

– Kilikuwa nazo.

– Mkono mzima?

– Mzima.

– Sasa ulikuwa unasubiri kadi ya mwaliko?

Redio alicheka mpaka kahawa ikammwagikia suruali. Nguzo alikunywa yake taratibu. Tangu alipoamka alikuwa ameshaamua kwamba hawa watasema watakachosema, naye hataongeza neno.

– Mimi hapo, alisema Redio, nafyatua moja darini. Paa! Kijana anaangalia juu, namkaba shingo.

– Darini kuna mabomba ya maji, Redio. Ungemfurikishia Bi Earline duka zima.

– Basi namlenga bastola yake. Inamtoka mkononi, inaangukia kwenye mikate.

– Wewe? Mwaka jana ulimkosa bata mzinga aliyelala.

– Alikuwa anajifanya amelala yule. Au sikiliza hii. Nalala kifudifudi, napitisha risasi chini ya rafu za biskuti, inampata kifundo cha mguu. Hafi, na mbio hana tena.

– Ukishalala na mgongo wako huo, nani atakuinua?

– Jambazi mwenyewe. Akiinama kunisaidia, namkamata.

Hapo hata Nguzo alitabasamu kidogo. Sajenti hakutabasamu. Alikuwa amekasirika kweli, na hasira yake haikuwa ya mzaha wa benchini.

– Cheka tu, Nguzo. Mjukuu wangu anafanya kazi mle ndani. Bahati yake alikuwa ametoka nyuma kutupa taka. Je, angekuwa ndani? Wewe ungesimama hivyohivyo kama sanamu la duka la nguo?

Nguzo alikiangalia kikombe chake. Sentensi moja tu ingetosha kumnyamazisha Sajenti mpaka Krismasi, na ilikuwa hapo kwenye ncha ya ulimi. Raelynn, huyo mjukuu, hakuwa nje wala hakuwa na taka. Alikuwa kwenye chumba cha baridi, nyuma ya yale mafriji ya vioo ambayo kwa nyuma yako wazi, anapanga maziwa kwa upande wa nyuma kama afanyavyo kila zamu. Yule kijana alikuwa ameyapa mgongo mafriji hayo. Nguzo alikuwa ameshashika mpini wa bastola chini ya shati alipoona mikono miwili, nyuma ya bega la jambazi, ikisukuma madumu ya maziwa mbele. Binti alikuwa na muziki masikioni na hakujua kinachoendelea. Nguzo akauachia mpini.

Jioni ile ile Raelynn alimfuata penye maegesho, akamwomba asimwambie babu yake. Anaishi kwa huyo babu, na babu akijua atamwachisha kazi siku hiyo hiyo, na bila kazi hiyo chuo cha uuguzi atakisikia redioni. Nguzo akaahidi. Ilimuuma kuitwa mwoga na mtu aliyekaa naye benchi moja miaka yote hiyo, ilimuuma sana, lakini ahadi alikuwa ameitoa na kuivunja hakuwa na mpango.

– Nimefikiria, alisema Sajenti. Kuanzia leo tunaingia zamu. Redio atakaa kwenye rafu ya chipsi, mimi kaunta kwa Bi Earline. Akirudi yule kijana, tunamwasha kutoka pande mbili.

– Msifanye hivyo, alisema Nguzo.

Lilikuwa neno lake la kwanza bila kuulizwa.

– Kwa nini?

– Msifanye tu.

– Sababu?

– Sina ya kukupa.

– Basi kama huna, tafuta benchi lingine. Hapa wanakaa watu wanaoweza kutegemewa.

Redio aliacha kunywa. Alijikohoza, akasema labda wasifike huko, mtu anaweza kufa ganzi, hata yeye aliwahi kufa ganzi harusini kwake. Sajenti hakumsikiliza.

– Nimesema. Nyanyuka, Delmar.

Alimwita kwa jina lake la ubatizo. Nguzo aliweka kikombe chini, akashika magoti ili ainuke.

– Kaa, Mzee Delmar.

Raelynn alikuwa mlangoni na birika la kahawa, aproni imemlowa kifuani. Hakuna aliyejua alikuwa amesimama pale tangu saa ngapi.

– Wewe rudi kazini, alisema Sajenti. Haya ni ya wakubwa.

– Ni yangu, babu. Sikuwa nje. Nilikudanganya. Nilikuwa chumba cha baridi napanga maziwa, na yule kijana alikuwa kasimama mbele yangu, katikati pana kioo tu. Mzee Delmar aliniona mikono, akaacha. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo, kwa sababu ungeniachisha kazi. Na kazi siachi, nakwambia mapema.

Sajenti alikisukuma kikombe chake pembeni. Uso ulimbadilika rangi mpaka masikioni. Redio akanong'ona kwamba ile risasi ya kupita chini ya biskuti pengine isingefika huko, kisha akaona hata mwenyewe haamini.

– Nina swali moja, alisema Raelynn. Kila asubuhi mnafungua lile friji, na kila asubuhi niko nyuma yake nawasogezea chupa. Leo, babu, yako umeichukua mkononi mwangu kabisa, vidole vyetu vimegusana. Mnaotaka kupiga risasi mle ndani, yupi kati yenu aliwahi kuona kwamba kuna mtu?

Sajenti alimgeukia Nguzo, kama vile huyo ndiye angemjibia. Nguzo alitazama barabarani.

– Nawauliza, alisema Raelynn, akaliweka birika chini na kusimama palepale kusubiri.