Nyumba Isiyo na Mtoto wa Kutuma

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wazee, shikamooni. Mwenzenu leo nimesimama hapa nimejaa shukrani, na hasira nazo zimo, sizifichi. Mungu ameniokoa, na nitasema ameniokoa kutoka mikononi mwa nani. Wengine mtainama mtazame miguu yenu. Inameni tu, ila nisikilizeni mpaka mwisho.

Mnanijua, ni mimi Mama Shija. Mume wangu alishatangulia, na watoto nilizaa watatu. Shija alikwenda Geita mgodini, akaoa huko huko. Minza aliolewa Ushetu. Ndaki, kitinda mimba wangu, alisikia habari za dhahabu ya Nyarugusu, asubuhi moja akafunga nguo zake akaondoka na wenzake. Nikabaki mimi na kuku. Ndugu zangu, kupika ugali wa mtu mmoja ni kazi! Nilikuwa nasonga mwingi kwa mazoea, halafu nakaa nautazama. Aliyenitoa kwenye huzuni ile ni jirani yangu Mama Kulwa, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Yeye hasali hapa wala popote, anafuata ya mababu zake. Lakini tulilima pamoja, tukateka maji pamoja, na kila nilipocheka, yeye ndiye aliyenichekesha.

Ndipo mchungaji akatangaza kwamba anatafutwa mama wa kwenda Urundi, kwa Wabelgiji, kuwafundisha akina mama neno la Mungu. Mama yangu mzazi alikuwa Mha wa Kibondo, na Mha na Mrundi wanasikilizana kwa lugha. Moyo wangu ukawaka! Mtu asije akasema nilikwenda kwa sababu nyumba ilikuwa tupu na sikuwa na la kufanya. Nilikwenda kwa sababu niliitwa. Na ninyi mlinisindikiza mpaka kwenye lori la pamba, mnaimba, mnapiga ngoma. Mzee wa kanisa akanishika mkono, akasema mbele ya wote, "Nenda, mama. Watoto wa nyumba yako ni sisi." Nikamwamini.

Kule kazi ilikuwa njema. Tulipanda vilima mpaka magoti yakagoma. Akina mama walikuja na watoto mgongoni, wakakaa chini kwenye nyasi, wakasikia, wakalia, wakaokoka. Haleluya! Nikarudi nimejaa furaha, nimembebea Mama Kulwa maharage ya huko.

Nashuka kwenye lori, nasalimia, haitiki mtu. Nafika kwa Mama Kulwa, ananiona, anaingia ndani, anafunga mlango. Mwenye kuniambia ukweli alikuwa mke wa mwenye duka, Mwislamu kutoka Tabora, mgeni hapa kama ndizi za sokoni zinazotoka mbali. Akaniambia mama yake Mama Kulwa alifariki nikiwa safarini.

Ninyi wa hapa mnajua, lakini wageni wasikie. Kwetu ukitokea msiba, kila nyumba inapeleka mtungi wa maji na mzigo wa kuni. Mwenye nyumba akiwa mbali, anamtuma mtoto wake. Nyumba yangu haikuwa na mtoto wa kutuma. Akina mama walihesabu mitungi, wa Mama Shija haupo. Basi wakanitenga. Hakuna kunisalimia, hakuna kunipa kaa la moto, hakuna kulima nami. Na ili nirudishwe, niape mbele yao kwamba sitasafiri tena maisha yangu yote.

Nikaenda kwa mzee wa kanisa. Nikamuuliza, wale watoto wa nyumba yangu walikuwa wapi siku ya msiba? Akanijibu kwamba hayo ni mambo ya mila, kanisa haliyaingilii, nivumilie, wananiombea. Wananiombea! Mtungi mmoja wa maji, ndugu zangu! Mtu mmoja mwenye kichwa na kata ya kujitwika! Na kisima hicho hapo nyuma ya kanisa, mnakipita kila siku mkienda kwenye maombi. Mzee, usikunje uso, wewe ndiye uliyesema maneno yale, sikukulazimisha.

Mvua zikaanza. Moto haukunishinda, kiberiti kipo dukani. Lakini shamba halilimwi kwa kiberiti. Nililima peke yangu na magugu yakanizidi. Nikiwa katika hali hiyo mchungaji akaleta habari kwamba safari ya pili ya Urundi iko karibu, je, niko tayari? Nikakaa chini palepale kwenye tuta. Nikiapa, nimemkataa aliyeniita. Nisipoapa, nitakufa kama mbwa wa porini, nani atanizika? Siku ile niliomba kwa hasira. Nikamwambia, Bwana, kama ni wewe uliyenituma, basi jitokeze, maana watu wako wamejificha.

Siku ya kumaliza matanga ya mama yake Mama Kulwa nikajitwika mtungi, nikaenda bila kuitwa. Akina mama wote wapo. Mkubwa wao, Mama Holo, akaniambia niutue mtungi na niape. Nikautua. Nikasema, "Mama yule nilimpenda, na kwenye msiba wake nilipaswa kuwepo. Lakini kuapa siapi." Minong'ono ikaanza. Kwisha habari yangu, nikajua.

Mama Kulwa akasimama. Tangu nirudi hakuwa amenisemesha hata neno moja. Akasema, "Aliyefiwa ni mimi. Nyumba ya huyu haina mtoto wa kutuma. Basi kuanzia leo mtoto wa nyumba ile ni mimi. Akiwa safarini nitaleta mtungi wangu, nitarudi kisimani, nitaleta na wake. Nani ana neno?"

Mama Holo akauinua mtungi wangu, akaupanga pamoja na mingine! Kesho yake jembe la Mama Kulwa lilikuwa shambani kwangu. Tukilima akanichamba barabara, na ni haki yake. "Uliwakabidhi nyumba watu wa ngoma," akasema, "mimi hukuniambia hata kidogo." Nikalia, naye akalia, tukaendelea kulima.

Nikaenda safari ya pili. Nikiwa huko mzee wa ng'ambo ya mto alifariki, na Mama Kulwa akaenda kisimani mara mbili, peke yake, watu wanamtazama. Mnamwita mpagani. Mnamwombea kila Jumatano aache giza. Nami namwombea amjue Yesu, lakini siku ile nani alikuwa gizani, ndugu zangu? Naona vichwa vimeinama, nilisema.

Namshukuru Mungu, maana watu wake waliponitupa hakushindwa, alipita mlango mwingine akanitoa. Wewe uliyebaki peke yako, watoto wametawanyika, unaogopa kuitika wito kwa sababu huna wa kumwachia nyumba, mwamini Mungu huyu! Itika, nenda. Atakuinulia mtu, hata pale usipotazamia.

Mimi Jumatatu nasafiri tena. Mzee wa kanisa aliniomba pale mlangoni nimwachie ufunguo wa nyumba. Asante, mzee wangu, lakini ufunguo anao Mama Kulwa.