Mpiga Besi Pekupeku

Kwenye basi la kutoka tamasha la muziki la kiangazi, mbele yangu walikaa fundi cherehani na kinyozi. Hawakuwa wanajuana zaidi ya kutajiana kazi zao, lakini ubishi haungoji watu wajuane.

"Kaka, bendi ya fanki imetuua leo," alisema fundi cherehani. "Zile tarumbeta! Nimecheza mpaka goti limenikumbusha umri."

"Fanki inakurusharusha tu, dada yangu. Rege inakushika bega, inakwambia tulia. Lile gitaa la besi umelisikia?"

"Nimelisikia, tamu kweli. Lakini yule binti anayelipiga, mbona kavua viatu jukwaani? Maringo hayo."

"Maringo wapi! Aliyekuwa akilipiga kabla yake, marehemu sasa, alipiga pekupeku. Alisema ngoma husikika kwanza kwa nyayo, kupitia mbao za jukwaa. Binti anamuenzi mwalimu wake."

"Kumbe! Basi nimenyamaza." Hakunyamaza. "Ila kwa tarumbeta bado hamtuwezi."

"Rudi kwenye cherehani yako, wewe!"

Marehemu huyo ni kaka yangu. Kila onyesho alinipa viatu vyake nimshikie. Tangu tumzike, nilidhani nimebaki peke yangu kumkumbuka.

Nilivua viatu vyangu chini ya kiti, nikakanyaga sakafu. Mtetemo wa injini ukanipanda hadi magotini, mzito na wa taratibu kama gitaa lake. Wale wawili walikuwa bado wanabishana dereva alipozima injini.