Dawa ya Kumkimbiza Syokau

Hapo Majengo, Thika, kando ya duka la viatu vya mitumba, Mzee Fahim anauza kahawa chungu, na mbele yake kuna benchi letu. Mwaka huo wa tisini na nne, waliokaa hapo kila jioni walikuwa Sele, tunayemwita Refa kwa sababu aliwahi kushika kibendera kwenye mechi za viwanda na hadi leo anataka kuamua kila ubishi. Ouma, fundi wa malori, tunayemwita Injini. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kusikiza. Wiki hiyo hadithi ilikuwa moja tu. Syokau, msichana wa kiwanda cha nguo ambaye Refa alikuwa akimfanyisha mazoezi asubuhi, alikuwa ameanguka kwenye mbio za kutoka Ruiru kuja Thika. Alikuwa anaongoza, stadium anaiona kwa macho, halafu akaenda chini kwenye lami saa sita ya jua. Sisi ndio tulimbeba kwa mkokoteni wa Fahim hadi hospitali. Ngozi yake ilikuwa kavu na moto, na alikuwa akimwita mama yake kwa Kikamba.

— Hiyo ni vumbi ya pamba, Fahim alisema akimimina kahawa. Anashinda kwa kiwanda wiki mzima. Mapafu imejaa nyuzi. Ukimkamua huyo msichana unatoa sweta.

— Vumbi gani, Refa akamkata. Wenzake wa kiwanda si walimaliza? Huyo alifanyiwa kitu pale Juja. Niliona mama mmoja wa leso akimnyooshea mkono.

— Alikuwa anampungia, nikasema.

— Hivyo ndivyo wanaanzanga.

Injini aliweka kikombe chini. Yeye akianza kuongea juu ya mwili wa mtu, ujue lori iko karibu.

— Nyinyi mnazunguka. Lori ya tani kumi ukiitia mafuta ya pikipiki, itapanda mlima? Huyo msichana anakula nini? Chai na mkate. Anahitaji kitu nzito.

Akatoa chupa kwenye ovaroli. Chupa nyeupe, haina karatasi, haina maandishi. Ndani kulikuwa na tembe kubwa za manjano.

— Binamu yangu ako na gym Eastleigh. Wale wanabeba vyuma wanameza hii. Kuna mmoja alimeza mbili akafungua mlango wa gari, mlango ukabaki kwa mkono.

— Gari lilikuwa lake? Fahim akauliza.

— Hiyo si maana. Mbio za kutoka hapa kwenda Ruiru ziko mwezi ujao, Jumapili ya kwanza. Watatu wa kwanza wanaenda kujaribiwa Nairobi. Akimeza hii leo, hao wengine watamsoma namba kwa mgongo.

— Ameze, Refa akasema. Lakini maji hapana. Maji inateremka kwa miguu, mtu anakuwa mzito. Sisi tukicheza mpira shuleni, kocha alikuwa anafunga mfereji mpaka mechi iishe.

— Na mlikuwa mnashinda? nikauliza.

— Tulikuwa tunatoka droo.

Tulikuwa bado hapo, Refa akitueleza vile maji hushuka, Syokau alipotokea kwenye kona. Hakuwa amewahi kukanyaga benchi letu. Alikuwa amekonda kidogo, goti lake limefungwa bendeji. Tukasonga, lakini hakukaa.

— Habari zenu wazee. Nimekuja kusema asante kwa ile siku.

— Ni sawa mama, Fahim alisema. Hospitali walisema nini?

Syokau alimwangalia Refa kabla ya kujibu.

— Sista Selpha aliniuliza nimekunywa nini tangu asubuhi. Nikamwambia chai ya rangi, nusu kikombe. Akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia kocha alisema nikimbie tumbo tupu. Akauliza kocha wangu ni daktari wa wapi.

Refa alikuwa anaangalia viatu vyake.

— Nilitaka uwe mwepesi, akasema.

— Najua, kocha. Na nilikuwa mwepesi. Hata kuanguka sikumbuki.

Alisema hivyo bila hasira, na nafikiri hiyo ndiyo ilimuumiza Refa zaidi. Halafu akatuambia kwamba mama yake anataka aache mbio kabisa. Yeye hataki kuacha. Lakini tangu siku ile, akikaribia pale alipoanguka, anavuka upande wa pili wa barabara.

Injini akaona nafasi yake. Akamnyooshea ile chupa.

— Hii itakutoa hiyo uoga. Mbili asubuhi, mbili jioni.

Syokau aliichukua, akaigeuza.

— Ndani kuna nini?

— Nguvu.

— Nasikia. Lakini ni kitu gani?

— Binamu yangu anaiitanga tu ya njano.

— Na yeye anajua kuna nini ndani?

Injini akamwangalia Refa, Refa akaniangalia, mimi nikamwangalia Fahim. Fahim alikuwa ameshika birika hewani na kusahau kumimina. Mwishowe Injini aliirudisha chupa kwenye ovaroli, akasema ataenda kuuliza. Na kwa kweli alienda. Binamu alisema anapewa na jamaa fulani, na jamaa anapewa na mwingine wa River Road, Nairobi. Injini akazimwaga zote chooni, na kwa muda mrefu hakupenda tuitaje hiyo safari.

Lakini jioni ile Refa alimgeukia Syokau.

— Sista alisema unywe nini?

— Maji. Kabla ya kuanza, na njiani kidogo kidogo, si kujaza tumbo. Jua likiwa kali na nikienda mbali, yatiwe chumvi kidogo na sukari, kama ile ya watoto wakihara. Na nile chakula. Ugali, githeri, ndizi.

— Hiyo tu? Injini aliuliza, kama mtu aliyenyimwa.

— Hiyo tu.

Refa alisimama, akapangusa suruali.

— Goti likipoa, tuanze tena. Utakunywa kwanza, nikikuona.

Jumapili ya mbio tulijipanga barabarani, kila mtu na mtungi wake. Refa alichukua Juja, mahali jua linachoma sana. Syokau alifika hapo akiwa wa tano. Refa akakimbia kando yake na kikombe, mkono mmoja umeshika suruali isianguke, nusu ya maji ikimwagikia shati lake. Syokau alikunywa iliyobaki, akamrudishia kikombe, akaendelea. Refa alibaki katikati ya barabara akimwangalia hadi askari alipomtoa.

Alimaliza wa tatu pale Ruiru, kwa miguu yake mwenyewe. Injini alimwagia maji kichwani. Fahim akampa ya kunywa. Refa alishuka kwenye pikapu iliyomleta kutoka Juja, akampa mengine, akampigapiga bega. Syokau aliketi kwenye nyasi, akavua viatu, akacheka peke yake kwa muda. Halafu akainua uso.

— Sasa, chakula kiko wapi?

Tukatazamana. Wote tulikuwa tumebeba maji.