Mkono wa Sweta Uliobaki

Ndugu, majirani na nyote mliokuja kumsindikiza mama yetu, marehemu Glafira Tikhonovna Zhdanova alizaliwa tarehe 3 Novemba 1936 katika kijiji kimoja cha mkoa wa Vologda, akasoma huko hadi mwaka 1951, na kwa kuwa vidole vyake havikutulia bila sindano, mwaka 1957 aliajiriwa kushona mavazi ya marubani, baadaye ya wanaanga, karibu na Moscow, akadumu kazini hadi alipostaafu.

Tarehe 14 Juni 1959 alifunga ndoa na Rodion, fundi wa kukunja parachuti, wakajaliwa binti mmoja, Taisia, huyu hapa mbele yenu. Rodion alitamani mno kwenda angani, macho yake yakamkatalia, akafariki Machi 1976 bila kuruka, ndipo Glafira akakata mkono mmoja wa sweta lake, akaushona ukawa sungura mdogo.

Mwaka 1978 sungura huyo aliruka na nahodha wa chombo cha anga, Kornei Lukich, rafiki wa Rodion, akining'inia kwa uzi mbele ya wanaanga, maana kidoli kikianza kuelea ndipo hujua wamefika angani. Nahodha aliahidi kumrudisha, lakini siku ya kurudi, wamekwisha kaa vitini na mlango umefungwa, akakumbuka amemwacha kwenye kituo cha anga, na kwetu aliyekwisha kuketi tayari kwa safari harudii alichosahau.

"Shemeji, nilishakaa, ningerudije? Ungekuwa mkosi kwetu sote," alimwambia mlangoni.

"Ingia, chai inapoa," akajibu Glafira, "ila waume wa wenzangu umewarudisha wote, wangu tu ndiye umemwacha."

Hakumnunia, lakini kila jioni isiyo na mawingu alisimama dirishani kukitazama kituo kikipita, na hata kilipoteremshwa kikaungua juu ya bahari, aliendelea kusimama palepale. Alimpoteza mumewe mara mbili, na alimkumbuka sana.

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba iliyopita, akafariki nyumbani tarehe 9 Februari 2019, akiwa amemwagiza Taisia amwekee jenezani mkono wa sweta uliobaki, mapema, kabla watu hawajaketi.

Tunawashukuru madaktari waliopanda ngazi zetu kwenye theluji, majirani waliopika, na mafundi wenzake waliomshonea gauni hili.

Sasa, kama alivyotuketisha yeye kila tulipoanza safari, tuketi kidogo kimya kabla hajatoka. Mkono wa sweta umo, upande wa kushoto, ameuweka Kornei Lukich mwenyewe, na amerudi mara ya pili kuhakikisha.

Mama, safari hii hakuna kilichosahaulika. Pumzika kwa amani.