Klara Bujiku na Mashindano ya Injini za Kutafutia

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunyamazisha, Bi. Klara Bujiku, mkutubi wa Maktaba ya Jamii Segese, anastaafu Ijumaa, Juni 27, 2025. Kuanzia Jumatatu tutaruhusiwa kukohoa.

Alianza kwa kupanga vitabu katika shule moja ya Kharumwa, akahamia Segese maktaba ilipofunguliwa. Kompyuta zilipoletwa, aliziangalia kama wageni waliokuja bila taarifa. Haukupita muda, yeye ndiye akawa anatufundisha, kwa kidole kimoja na maneno mengi.

Mwaka jana uongozi ulimwagiza achague injini moja ya kutafutia mtandaoni, iwekwe kwenye kompyuta zote. Sisi wengine tungechagua tuliyoizoea, tukarudi kwenye chai. Bi. Klara, ambaye sote tunamwita Mama Edson, akaandaa mashindano. Alichukua injini tatu, akaziuliza maswali ya wateja wetu: mitihani iliyopita, bei ya pamba, ng'ombe anayetokwa mate. Kwenye ng'ombe, moja ilimletea dawa ya mapenzi. Aliisoma yote ndipo akaikosoa.

Mashindano yakiendelea, asubuhi moja ya mvua akaingia Chacha, mchimbaji mdogo, matope hadi magotini. Duara lake, yaani shimo analochimbia dhahabu, lilikuwa limepata ufa, na wenzake watano walimsubiri washuke. Alitaka kujua namna ya kuliimarisha. Injini ya kwanza ilileta hesabu za eneo la duara. Ya pili ikaleta meza za duara, usafiri bure hadi mlangoni. Mama Edson akabadilisha maneno, akaandika "shimo la mchimbaji lenye ufa," na ya tatu ikaleta mwongozo wa usalama kwa Kiswahili: msishuke, kaeni mbali, mwiteni mkaguzi.

"Mama, nimeuliza namna ya kuliimarisha, sikuomba ruhusa," Chacha alisema.

"Na mimi sijakupa. Kaa hapo, ng'wanawane, mwanangu, uwapigie wenzako."

Akapiga, akilalamika kwa sauti ambayo sisi ingetufukuzisha kazi. Wenzake nao wakalalamika, lakini hawakushuka. Mchana duara likaporomoka likiwa tupu. Habari ilimkuta Chacha bado yuko kwenye benchi letu. Mama Edson akaenda kumtengenezea chai, heshima ambayo hakuna mfanyakazi mwenzake aliyewahi kuipata.

Taarifa yake kwa uongozi ilikuwa fupi: ya kwanza inawafaa wanafunzi, ya tatu inawafaa wachimbaji na wafugaji, na anayetaka moja tu hajawahi kukaa kaunta. Uongozi ukaziweka zote mbili. Ile ya meza tuliiaga bila sherehe.

Mama Edson, kuna wanaume sita wanaokula na familia zao jioni hii kwa sababu uligoma kumjibu mteja alivyotaka. Kwa niaba yao, na yetu, asante. Mvua ilikute shamba limeshalimwa, wajukuu wakusumbue kiasi, na ustaafu wako uwe mrefu na wenye afya.

Theonest, meza ya magazeti